Kunguru Zangu Hizi

Nchi yetu kwa sasa haina jina. Lile la zamani lilifutwa kwa sababu lilikuwa linawakumbusha watu mambo, na jipya bado liko kwenye kamati. Kwa hiyo, msomaji, ukikuta humu jambo linalofanana na nchi unayoijua wewe, hiyo ni shida yako na nchi yako. Mimi simo.

Mimi ni Karani wa Lugha katika Tume ya Taifa ya Kunguru. Kazi yangu ni kusahihisha. Barua, fomu, matangazo, hotuba za Waziri, hakuna karatasi inayotoka kwenye Tume bila kupita chini ya kalamu yangu nyekundu. Watu huniita Karani tu, nami sijali, maana hata jina langu limekosewa kwenye kitambulisho na kanuni hairuhusu mtu kujisahihisha mwenyewe.

Kisa hiki kinamhusu Fundi Selenge, aliyekuwa akishona viatu kwenye kibaraza nyuma ya ofisi yetu, na mkewe Bi Mafunda, aliyekuwa mfugaji wa kuku. Wapo wanaosema kinanihusu na mimi. Hao hawajui sarufi.

*

Kunguru waliletwa nchini na serikali iliyopita ili wale takataka, kwa kuwa kununua magari ya taka kulionekana ni ushamba. Wakala takataka. Walipozoea mji wakahamia kwenye vifaranga, halafu kwenye maandazi ya watoto wa shule, wakishuka na kukwapua mkononi. Bi Mafunda alikuwa na makoo saba. Kila koo alipototoa, kunguru walikaa juu ya bati, shingo upande, wakingoja vifaranga watoke uani. Mwaka ule walitotolewa vifaranga zaidi ya themanini na hakukua hata mmoja. Siku moja nilimkuta amekaa kizingitini na mwiko mkononi, amechoka kufukuza, anamtazama kunguru akimla kifaranga wa mwisho mbele ya macho yake. Alikuwa analia tu.

Bunge halikukaa kimya. Lilipitisha Sheria ya Ndege Waharibifu, iliyosema wazi kwamba "ndege washughulikiwe mara moja". Neno ndege, kama mnavyojua, ni pacha: yuko yule anayetaga, na iko ile inayotua uwanjani. Sheria ilipofika Wizarani ikawa inasomeka "ndege ishughulikiwe mara moja", na baada ya miezi mitatu ikanunuliwa ndege nyeupe, yenye viti vya ngozi. Waziri alieleza kwamba huwezi kupigana na adui aliye juu ilhali wewe uko chini, naye mwenyewe akajitolea kuwa wa kwanza kwenda juu. Alirudi baada ya wiki mbili, akiwa amejaa mizigo, na kutangaza kwamba kutoka huko kunguru wanaonekana wadogo sana.

Mimi ile silabi iliyobadilika niliiona. Lakini karatasi ilikuwa imetiwa sahihi na mkubwa, na kalamu yangu haipandi ngazi.

Baadaye kikaundwa Kikosi cha Bunduki. Kunguru ni ndege mjanja. Aliwajua askari kwa magwanda, akawa akiwaona tu anaondoka, jambo ambalo raia wengi nao walishajifunza. Kikosi kilipiga risasi miaka miwili na kutoboa matangi ya maji ya mtaa mzima. Ndipo mtaalamu mmoja akagundua kwamba kunguru hushuka pale anapowaona wenzake wamekwisha kutua. Wizara ikaagiza kunguru wa bandia kutoka ng'ambo.

Wale kunguru kusema kweli walikuwa bata. Kiwanda kilikuwa kinatengeneza bata, wakapakwa rangi nyeusi bandarini. Kila mmoja alikuwa wa mpira mzito, ametiwa madini ya risasi tumboni ili asipinduke majini, na jaa letu halina maji. Askari alimbeba bata wake begani kwa mikono miwili. Wakifika jaani wameshatota jasho, na kunguru wameshahamia mtaa mwingine kula huko kwa raha zao.

*

Fundi Selenge alikuwa akiyaona haya yote kutoka kibarazani, midomoni ameuma misumari. Alikuwa mtu wa maneno machache na dharau nyingi.

"Karani," aliniambia, "wale bata wenu wamekula nini mpaka wakawa wazito hivyo?"

"Ni mali ya serikali, Fundi. Chunga ulimi."

"Ndiyo nauliza. Wamekula nini?"

Jioni ile alianza. Alichukua ndala zilizochakaa, zile ambazo watu humwachia wakiona hazishoneki tena, akazibandika mbili mbili kwa gundi na kuzichonga kwa kisu cha kukatia soli mpaka likatokea tumbo, mgongo na shingo. Mkia na mbawa alikata kutoka mifuko myeusi ya plastiki, akaichana nyuzi nyuzi ili upepo uichezee. Mdomo ulikuwa kipande cha tairi la ndani la baiskeli, na mguu ulikuwa spoku moja, ukiichomeka ardhini anasimama na kutikisika kidogo anapopulizwa. Nilimshika mmoja mkononi. Alikuwa mwepesi kuliko barua ya kumwachisha mtu kazi.

Wale wa kwanza aliwapaka kiwi akawasugua kwa brashi, kwa mazoea ya kazi yake. Akawasimamisha uani. Kunguru wa kweli wakaja, wakazunguka mara moja, wakaenda zao.

"Baba Zamda," Bi Mafunda alimwambia kutoka jikoni, "umewang'arisha wanakwenda harusini? Kunguru gani anang'aa? Hao wenzao wamewaogopa."

Kesho yake Fundi aliacha kiwi. Alichanganya masizi ya sufuria na uji wa wanga, akapaka, na shingoni akapitisha jivu, kwa kuwa kunguru wa kwetu ana ukosi wa kijivu. Mmoja tu alibaki na kiwi yake. Bi Mafunda alimchukua akamweka dirishani kwa kumtania mumewe, akamwita Bwana Harusi.

Kisha Fundi alimfuata Sajini wa Kikosi, akiwa na kunguru sitini ndani ya kikapu kimoja cha sokoni alichokitundika kwenye mkono mmoja. Waliingia jaani alfajiri. Akawapanga wakiukabili upepo, maana ndege hapendi kupulizwa manyoya kwa nyuma. Mmoja akamweka juu ya mti mrefu peke yake, awe mlinzi, maana kunguru hawali bila mlinzi. Akawarudisha askari wote nyuma ya mabati na kuwavua kofia. Jua lilipochomoza kunguru wa kweli walishuka wengi mpaka jaa likageuka jeusi. Asubuhi ile moja Kikosi kiliangusha wengi kuliko miaka miwili yote. Wiki ile kwa mara ya kwanza kifaranga wa Bi Mafunda aliota manyoya. Alikuja ofisini kunionyesha, amempakata kwenye kanga, na uso wake ulikuwa uso wa mtu ambaye hatimaye amepata usingizi.

*

Sajini aliandika ripoti, nikaisahihisha, ikapanda juu. Waziri aliisoma akaitisha mkutano wa dharura.

"Ndugu zangu," alisema, "tukae tukifikiri kwa mapana. Kunguru ni adui yetu, sawa. Lakini ni adui aliyetulea. Tume hii ina wafanyakazi mia nne. Ina magari. Ina ndege. Kunguru wakiisha, sisi tutakuwa Tume ya nini? Ya kumbukumbu?"

Watu wote walitazama meza. Ikaamuliwa kwamba mtu yeyote mwenye zana za kupambana na kunguru azitamke kwenye fomu ili "kazi iratibiwe". Kwetu, kitu kikisharatibiwa, huwa hakisikiki tena.

Fundi Selenge alikuja kujaza fomu bila kuitwa mara ya pili, mtu mwema yule. Kwa kuwa hakuwa na mwandiko mzuri, niliiandika mimi. Chini ya maneno "Tamko la Mhusika" palikuwa na mstari mmoja mfupi.

"Andika," akasema. "Kunguru zangu hizi mia tatu na kumi ziko nyumbani, ziko tayari kwa kazi."

Nikaweka kalamu chini.

"Fundi, husemi 'kunguru zangu hizi'. Kunguru ni kiumbe. Ni 'kunguru wangu hawa'. Wako nyumbani. Wako tayari."

"Karani, hizi ni ndala."

"Zilikuwa ndala. Sasa umezifanya kunguru, na ngeli yake imebadilika."

"Mimi nasema zangu, kwa kuwa ni vitu. Zingekuwa hai ningesema wangu. Hata mama yangu alisema hivyo."

"Mama yako hakusoma."

Akacheka, akanitazama kwa huruma kidogo, kama anavyomtazama mteja aliyevaa kiatu cha kulia mguu wa kushoto. "Haya, weka unavyotaka. Nyinyi ndio wenye kalamu." Nikaandika kwa mwandiko wangu bora kabisa: *Kunguru wangu hawa mia tatu na kumi wako nyumbani, wako tayari kwa kazi.* Neno "bandia" lisingeenea kwenye mstari. Akatia dole gumba. Ilikuwa sentensi safi, na nilipogonga muhuri nilijisikia vizuri.

*

Sheria ya Ndege Waharibifu, kifungu cha kumi na nne, inasema kwamba mtu yeyote atakayefuga, kuficha, kulisha au kuwahurumia kunguru atakwenda jela miaka saba. Sikukikumbuka kifungu hicho. Yaani nilikikumbuka, lakini baadaye.

Fomu ilipofika Idara ya Takwimu, idadi ya kunguru nchini ikaongezeka kwa mia tatu na kumi. Waziri alisimama Bungeni akasema kwamba sasa imejulikana kwa nini vita haviishi: kuna watu wanaozalisha adui majumbani mwao, na wengine wana ujasiri wa kutamka kwamba adui huyo yuko tayari kwa kazi. Wabunge walipiga meza mpaka glasi zikaanguka.

Polisi walikwenda kumkamata Fundi saa nne asubuhi, kwa malori mawili. Fundi alitiwa pingu pamoja na kunguru wake, yeye mikononi na wao miguuni, maana spoku zilionekana kufungika. Vifaranga wa Bi Mafunda, ambao sasa walikuwa kumi na wanne, walichukuliwa kama wahanga wanaohitaji hifadhi, wakahifadhiwa kwenye jiko la kituo.

Kanuni inataka kielelezo hai kilishwe mara mbili kwa siku. Koplo mmoja akapewa kazi hiyo. Asubuhi alimwaga mahindi selo, jioni aliyazoa yale yale, akaandika kitabuni: "Hawana hamu ya kula." Siku ya tatu aliitwa daktari wa mifugo. Akawapapasa, akaandika kwamba wana upungufu wa damu. Siku ya tano Koplo aliacha mlango wazi, upepo ukaingia, na kwa wepesi ule aliowatengenezea Fundi, kunguru arobaini wakapeperukia nje kupitia dirishani. Wengine wanatafutwa hadi leo. Fundi akaongezewa shtaka la kuwasaidia mahabusu kutoroka.

Siku moja kabla ya kesi, Bi Mafunda alinifuata ofisini. Alikuwa amekonda.

"Karani, wewe ulikuwepo," alisema. "Yeye alisema 'zangu'. Wewe ndiye uliyeweka 'wangu'. Kesho simama useme hivyo tu. Sitaki lingine."

"Nitasema ukweli mtupu, bibi."

"Nashukuru, mwanangu," akasema, na akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

Alipotoka tu, akaingia Katibu wa Waziri. Hakunitisha, msije mkamsingizia mtu. Aliniuliza tu nimekaa daraja la tatu kwa miaka mingapi. Nikamwambia kumi na moja. Akasikitika sana.

*

Mahakama ilijaa. Serikali ilimleta Profesa kutoka Baraza la Ngeli, mzee aliyevaa miwani mbili, moja ya kusomea na moja ya kutazama watu.

"Mheshimiwa Hakimu," alisema, "uhai si jambo la kupapasa. Ni jambo la upatanisho. Kiumbe akishapewa kiambishi cha uhai kwa hati yenye muhuri, hawezi kunyang'anywa bila mchakato. Mshtakiwa ameandika 'wangu', 'hawa', 'wako', na tena 'wako'. Mara nne, Mheshimiwa. Mtu anaweza kuteleza mara moja."

Fundi aliomba kunguru mmoja na kisu. Hakimu akaruhusu, kwa kuwa naye alikuwa na hamu ya kuona. Fundi akampasua mbele ya watu wote. Ndani ulionekana mpira wa bluu, na alama ya vidole vya mtu aliyewahi kuivaa ndala ile miaka mingi.

"Hii ni ndala, Mheshimiwa," alisema Fundi. "Namba nane. Tazama, na tundu la ukanda hili hapa."

"Mahakama haitazami kilichomo ndani," alisema Hakimu. "Mahakama inatazama kilichoandikwa. Karani wa mahakama, ongeza shtaka la ukatili kwa kielelezo."

"Basi muulizeni aliyeandika. Mimi nilisema 'zangu'. Yule pale."

Nikaitwa. Nikaapa. Bi Mafunda alikuwa amekaa mbele kabisa, na kikapu cha chakula ambacho askari walikuwa wamekataa kukipokea. Alinitikisia kichwa, kuniambia nisiogope.

Wakili wa Serikali akanipa fomu. "Shahidi, wewe ni mtaalamu. Swali langu ni moja tu. Sentensi hii ni sahihi kisarufi?"

Nikaisoma. Nikaisoma tena.

"Ni sahihi," nikasema.

"Nashukuru. Huna la kuongeza?"

Nilikuwa nalo. Lilikuwa maneno mawili matatu tu. Nikamtazama Katibu wa Waziri, akawa anatazama dari.

"Sina," nikasema.

Sikusema uongo. Nataka hilo lieleweke. Someni kumbukumbu za mahakama, hamtakuta uongo hata mmoja kutoka kinywani mwangu. Fundi Selenge alipewa miaka saba, nami mwezi uliofuata nikapewa Daraja la Kwanza na feni ya mezani. Siku ile ya hukumu, nilipokuwa natoka mahakamani, Bi Mafunda hakunitukana. Alikuwa bado amekaa pale pale, amekikumbatia kile kikapu, na mimi nikapita mlango wa nyuma.

*

Kunguru wenyewe waliachiwa huru. Walikuwa wamekuja wahisani kutoka ng'ambo, watu wanaopenda ndege wote bila kubagua, na Waziri akaona ni vyema waone huruma yetu. Ikaandaliwa sherehe uwanjani. Pilau, ngoma, jukwaa lenye zulia jekundu. Kunguru walipangwa kwenye nyasi mbele ya wageni, na kwa kuwa aliyewapanga ni Sajini, ambaye alikuwa amejifunza, waliukabili upepo, na mlinzi wao akawekwa juu ya mlingoti wa bendera.

"Nendeni," Waziri aliwaambia, mikono ameinyoosha. "Nchi hii ni yenu pia."

Hawakwenda. Waziri alirudia. Upepo ukavuma, wakatikisika kidogo, wageni wakapiga makofi. Na hapo, kutoka kila bati na kila waya wa mji ule, kunguru wa kweli waliwaona wenzao wametua mahali penye pilau. Walishuka. Jamani, sijawahi kuona. Walishuka mezani, vichwani, kwenye sinia, mmoja akaondoka na miwani ya Profesa, ile ya kusomea. Kikosi kilikuwa tayari na bunduki, lakini kila ulipoelekeza mtutu palikuwa na mheshimiwa. Hakuna siku ambayo kazi ya Fundi Selenge ilifanya vizuri kuliko siku ile.

Mkuu wa wahisani, kinyesi begani, alikuwa ameduwaa kwa furaha. Akaokota kunguru mmoja wa ndala, akampima mkononi, akauliza ni nani anayetengeneza kitu chepesi hivi. Alitaka kuagiza maelfu.

Waziri hakuweza kusema ni mfungwa. Akafuta uso kwa leso, akatabasamu. "Ni mashine," alisema. "Tunayo mashine yetu ya kienyeji."

Neno la Waziri likishatoka, karatasi hulifuata. Fundi Selenge akafutwa kwenye daftari la wafungwa na kuandikwa kwenye daftari la zana. Watu wengine waliona ni jambo jema, maana zana haipigwi wala haifanyishwi kazi ya shamba. Ila mfungwa ana siku ya kutoka. Zana haina.

*

Haya yote Bi Mafunda hakuyajua. Kila Alhamisi alikuwa anakwenda gerezani na kikapu. Miaka minne alikwenda hivyo, akihesabu kwa mafundo kwenye kamba, fundo moja kwa mwezi, na alishaambiwa kwamba mwenye tabia njema hutolewa mapema. Tangu ile sherehe walikuwa wakikipokea chakula langoni bila kumwita mtu. Alhamisi iliyopita hawakukipokea. Wakampa karatasi.

Alikuja nayo moja kwa moja kwangu. Niko chumba kizuri sasa, ghorofa ya pili, dirisha linatazama kile kibaraza ambapo Fundi alikuwa akikaa. Akaingia bila kubisha, akaweka kikapu sakafuni, akakaa. Nywele zake zilikuwa nyeupe zote.

"Nimemuuliza askari, mume wangu yuko wapi," alisema. "Akaniambia, 'Hiyo haipo. Imehamishwa.' Nikamwambia, mwanangu, nauliza mume wangu. Akasema, 'Ndiyo hiyo. Imehamishwa, na haina wageni, na haina kutoka.' Imehamishwa, Karani. Mtu niliyezaa naye."

Nikawasha feni.

Akatoa kitu kikapuni, akakiweka mezani kwangu. Alikuwa yule kunguru wa kiwi, Bwana Harusi, bado anang'aa.

"Huyu mlimwacha dirishani siku ile, hamkumuona. Hii ndala mimi naiita huyu, kwa mapenzi tu. Sijasoma. Wewe ulisema kunguru ya ndala ni 'wangu', kwa kuwa ni kiumbe. Na mume wangu mimi, ambaye ana damu, ni 'hiyo'. Nifundishe. Ni wapi nimekosea?"

"Bibi, hayo ni mambo ya gereza. Mimi ni wa Tume."

Hapo ndipo alipoifungua ile karatasi na kuinyoosha juu ya meza kwa viganja vyake, taratibu, kama anavyonyoosha mtu kanga. Ilikuwa imepigwa taipu gerezani: *Selenge, fundi viatu, amehamishwa kwenda ghala la Wizara.* Jina na kazi vilikuwa vimekatwa, na juu yake imeandikwa "mashine". Na kwenye "amehamishwa", ile "a" ilikuwa imekatwa kwa mstari mmoja safi, na juu yake imewekwa "i".

"Mimi sijui kusoma," alisema Bi Mafunda, "lakini rangi naijua."

Ilikuwa nyekundu.

Nilimweleza. Nilimweleza kwa upole kwamba karatasi ile ilikuja kwangu mwaka juzi pamoja na nyingine nyingi, kwamba mashine ni ya ngeli ya vitu, kwamba kuandika "mashine amehamishwa" lingekuwa kosa ambalo hata mtoto wa darasa la tatu angelicheka, kwamba sentensi kama ilivyo sasa haina dosari. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Haya," akasema. "Sahihisha."

"Haiwezekani hivi hivi, bibi. Maombi ya kubadilisha ngeli yana fomu yake. Hujazwa na mhusika mwenyewe, kwa mkono wake, mbele ya karani. Na zana haiwezi kujaza fomu."

"Herufi moja, Karani. Ulipoiweka hukuniletea fomu."

Akaichukua kalamu yangu kutoka mezani, akanifungulia kifuniko, akanitia mkononi na kuvikunja vidole vyangu juu yake kimoja kimoja. Kisha akakaa, mikono mapajani, akingoja.

Karatasi ilikuwa mbele yangu. Nje, kunguru walikuwa wamejaa kwenye bati la kibaraza, lakini hakuna aliyesogea dirishani pangu, kwa kumwogopa yule anayeng'aa. Nilikaa na kalamu vile mpaka kengele ya kufunga ofisi ikalia, na yeye akasimama, akachukua karatasi yake, akaikunja, akaiweka kikapuni. Haikuongezwa kitu.

Baada ya yeye kuondoka niliijaribu ile kalamu kwenye kiganja cha mkono wangu. Ilikuwa na wino.